Kuendesha kigari cha gofu na gari la umeme la mwendo mdogo huko The Villages, Florida: mwongozo kamili kwa mgeni

Kabla hujashika ufunguo, zunguka nyuma ya gari uangalie kama lina namba. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwonyesha kila mwenzetu anayefika The Villages kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na kila mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe akaachiwa kigari cha umeme cha kwendea dukani. Magari mawili yanaweza kufanana kama mapacha: viti vinne, paa la plastiki, usukani mdogo, ukimya uleule. Lenye namba lina barabara zake, leseni yake na bima yake, na lisilo na namba lina zake. Wageni wengi niliowaona wakipata shida hapa hawakuwa wakienda kasi. Walikuwa kwenye barabara ambayo gari lao halikuruhusiwa kuwapo.

The Villages ni mji wa wastaafu katikati ya Florida, kaskazini-magharibi ya Orlando. Ulianza kama eneo dogo la nyumba za kuhamishika lililoitwa Orange Blossom Gardens, na sensa ya 2020 ikakuta eneo zima limekua kwa asilimia 39 ndani ya miaka kumi, kuliko eneo lolote la mji Marekani. Kuna zaidi ya maili 100 za njia za vigari, yaani zaidi ya kilomita 160, pamoja na mahandaki na madaraja yaliyojengwa kwa ajili yake. Mwaka 2005 wakazi walipanga msafara wa vigari 3,321 wakaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mzee wa hapa huenda kanisani, benki, kwa daktari na kwenye dansi ya jioni bila kuwasha gari kubwa. Ukimnyang'anya kigari umemfungia ndani. Ndiyo maana naona mtu anayemhudumia anapaswa kukijua vizuri.

Hatua ya 1: Jua unaendesha nini

Kwa sheria ya Florida, kigari cha gofu ni kile ambacho hakiwezi kuzidi maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32. Hakisajiliwi, hakina namba, na jimbo halimlazimishi mwenyewe kukikatia bima. Kinapita kwenye njia zake na kwenye barabara ambazo serikali ya eneo imezitenga tu.

Gari la mwendo mdogo linavuka maili 20 lakini haliruhusiwi kuzidi 25, yaani kilomita 40. Serikali ya Marekani ililipa daraja lake Juni 1998, kwa sababu wastaafu walikwisha kuzoea kwenda madukani kwa vigari, na kanuni za zamani zilikuwa zikikihesabu chochote kinachozidi maili 20 kuwa gari kamili. Gari la daraja hili lazima liwe na taa za mbele na za nyuma, taa za breki, indiketa, viakisi mwanga, vioo vya kutazama nyuma, kioo cha mbele, breki ya kuegesha, mikanda ya usalama na namba ya utambulisho ya kiwandani. Uzito wake pamoja na mzigo haufiki pauni 3,000, kama kilo 1,360.

Kuna mtego mmoja. Wenyewe wengine hurekebisha mota au kompyuta ya kigari cha gofu ili kiende maili 23 au 24, halafu wanaendelea kukiita cha gofu. Kikishaweza kuzidi 20, kisheria si cha gofu tena: kinatakiwa kikaguliwe, kisajiliwe na kiwe na namba kama gari. Usiendeshe kigari cha namna hiyo kabla hakijasajiliwa, hata kama mwenye mali ni bibi unayempenda kama mama yako. Mwambie kwa heshima kwamba ukigonga mtu, ni wewe utakayekuwa kwenye usukani.

Hatua ya 2: Leseni na bima

Kwa gari lenye namba hakuna mjadala: lazima uwe na leseni ya udereva. Ukishakuwa mkazi wa Florida una siku 30 za kupata leseni ya jimbo, kwa hiyo usitegemee leseni ya nyumbani kwa miezi na miezi. Gari lazima liwe na bima ya angalau dola 10,000 kwa matibabu yako na dola 10,000 kwa mali ya watu utakayoharibu.

Kwa kigari cha gofu, mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa awe na kitambulisho cha serikali. Aliye chini ya hapo, tangu 2023, anahitaji leseni au leseni ya kujifunzia udereva. Zamani mtoto wa miaka 14 aliruhusiwa kuendesha, na bado utawasikia babu wakisema mjukuu ana ruhusa. Hana.

Ingawa sheria haidai bima ya kigari cha gofu, mimi siendeshi kisicho nayo. Dada mmoja niliyefanya naye kazi alirudi kinyumenyume akagonga gari la jirani. Mzee alikuwa na bima, ila jina la dada halikuwemo na mwajiri wake alisema hakumtuma kuendesha. Alilipa kwa mshahara wake mpaka deni likaisha. Basi uliza mambo mawili kabla ya safari ya kwanza: je, bima ya mzee inamhesabu mtu mwingine anayeendesha kwa idhini yake? Je, mwajiri anakubali uendeshe chombo cha mteja? Majibu uyapate kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Na pombe ni pombe. Trafiki wa Florida anaweza kukukamata kwa ulevi ukiwa kwenye kigari cha gofu kama angekukamata kwenye lori. Dawa za usingizi na za maumivu zinaingia humohumo, kwako na kwa mzee anayesisitiza kuendesha mwenyewe.

Hatua ya 3: Panga njia siku moja kabla

Gari la mwendo mdogo linaruhusiwa kwenye barabara ambayo kibao cha mwendo kimeandikwa 35 au chini yake. Linaweza kukatiza barabara ya mwendo mkubwa kwenye makutano, lakini haliruhusiwi kufuata barabara hiyo. Kigari cha gofu, hata kibao kikisema 25, kinahitaji barabara iwe imetengwa kwa ajili yake.

Kaa na mzee mezani mkiwa na ramani ya njia za vigari. Chora safari nzima: mnatoka nyumbani kwa njia gani, mnapita handaki lipi, mnavukia wapi barabara kuu ya 441, mnapaki upande gani wa uwanja. Programu za ramani za simu hukuongoza kama dereva wa gari kubwa na zinaweza kukutupa kwenye barabara ya maili 45. Wazee wa hapa wanazijua njia kuliko simu yoyote, na hufurahi sana kuulizwa.

Njia za pembeni, zile za lami nyembamba zilizotenganishwa na barabara, mnachangia na waenda kwa miguu na baiskeli. Ukiwa juu yake usizidi maili 20 hata kama gari lako linaweza 25. Sehemu za zamani za mji njia hiyo ni ukanda tu ulio ukingoni mwa barabara, umechorwa alama ya almasi, na magari makubwa yanakupita mkono wa kushoto. Hapo tazama kioo mara kwa mara, na usiache ukanda ghafla kukwepa jani au shimo.

Getini kila gari husubiri mti wa kizuizi ushuke na kupanda tena. Usimfuate aliye mbele ukidhani utawahi. Mti ukishuka juu ya paa la plastiki unaliharibu.

Hatua ya 4: Kagua kwa dakika tatu

Bonyeza tairi kwa mkono, na mara moja kwa wiki pima upepo. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ni kidogo kuliko cha gari la kawaida. Washa taa, jaribu indiketa zote, mwombe mtu akutazamie taa za breki. Angalia kiwango cha chaji. Kamba ya chaja iwe imechomolewa na kukunjwa, kwani kuna watu huondoka nayo ikiwa bado ukutani. Kigari cha gofu cha Florida lazima kiwe na kioo cha nyuma na viakisi vyekundu mbele na nyuma. Kama kimoja kimevunjika, safari isubiri.

Hatua ya 5: Washa, sikiliza, ondoka

Hapa ndipo aliyezoea gari la petroli anapojikwaa. Ukigeuza ufunguo hakuna ngurumo, hakuna mtikisiko, na unaweza kudhani gari limezimika kumbe linasubiri mguu wako tu. Kwa hiyo weka mazoea haya: mguu wa kulia juu ya breki kwanza, ndipo ugeuze ufunguo. Tazama swichi ya mbele na nyuma iko wapi. Kwenye vigari vingi iko chini ya kiti au kwenye dashibodi, na likiwa kwenye kurudi nyuma gari hulia pii-pii. Breki ya kuegesha kwenye vigari vingi ni sehemu ya juu ya pedali ya breki, unaikanyaga mpaka iingie na kubaki. Ukigusa pedali ya mwendo, inajifungua yenyewe. Sasa fikiria mzee anajivuta kushuka na kiatu chake kinagusa pedali hiyo. Ndiyo maana kila mnaposimama, hata kwa nusu dakika, ufunguo unazimwa kabla mtu hajainuka.

Tafuta maegesho matupu, ya kanisa siku ya Jumatatu kwa mfano, ukazunguke nusu saa. Jifunze umbali gari linaohitaji kusimama ukiwa peke yako, kisha ukiwa na abiria. Tofauti utaisikia mwilini.

Hatua ya 6: Kona, mteremko na kipilefti

Kama umewahi kupanda bajaji iliyokata kona kwa pupa, somo hili unalo tayari. Kigari ni chembamba, kirefu kwenda juu, na mara nyingi hakina milango wala mikanda. Dereva anakaa kushoto na ameshika usukani. Abiria wa kulia hana cha kushika ila kishikio kidogo pembeni mwa kiti. Ukikata kushoto kwa haraka, mwili wake unatupwa kulia, nje, kwenye lami. Mtu wa miaka 80 akianguka hivyo kwa mwendo wa baiskeli tu, anaweza asisimame tena. Hiyo ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko zote. Punguza mwendo kabla ya kona, kata polepole, ongeza mwendo usukani ukishanyooka. Mwambie abiria kabla: "Bibi, tunakata kushoto, shika."

Mteremko una tabia yake. Vigari vingi vya gofu vina breki za magurudumu ya nyuma peke yake. Ukizipiga kwa nguvu ukiwa unashuka, hasa lami ikiwa na maji, nyuma inateleza na gari linageuka ubavu. Anza kushika breki mapema, kwa utaratibu, kabla mteremko haujakuchukua. Mahandaki mengi hapa huteremka kisha hupanda, na mchana wa jua kali macho yanaingia gizani ghafla. Washa taa, vua miwani ya jua, shika kulia kabisa. Mwenzako anatokea upande wa pili akiwa kipofu kama wewe kwa sekunde mbili.

Sasa kipilefti. Sisi wa Tanzania jina lenyewe linatuamuru tushike kushoto, na Mkenya au Mganda naye mikono yake imezoea hivyohivyo. Marekani unashika kulia: unaingia kwa kukata kulia, unazunguka kinyume cha mishale ya saa, na unawapisha wanaotoka kushoto kwako, ambao tayari wako ndani. Waliojifunzia Rwanda, Burundi, Kongo au Oman hapa hawana tatizo. Mimi wiki ya kwanza, asubuhi, barabara ikiwa tupu bila gari la kumfuata, nilikikaribia kipilefti cha barabara ya Morse Boulevard na mikono ikaanza yenyewe kwenda kushoto. Bibi aliniwekea mkono begani, hakusema neno, nikasimama. Tangu siku hiyo hujisemea kwa sauti kila ninapokaribia: kulia, kulia, tazama kushoto. Alama nyingine inayosaidia ni mwili wako. Dereva anakaa kushoto, basi mstari wa katikati ya barabara uwe upande wako, na ukingo wa nyasi uwe upande wa abiria. Ukiona nyasi ziko karibu na bega lako, umepotea upande.

Ndani ya mzunguko, gari la mwendo mdogo linashika njia yake kama gari jingine, halijibanzi ukingoni. Kigari cha gofu kipite handakini kama lipo. Ukilazimika kupita juu, subiri nafasi iliyo kubwa kuliko unayodhani inatosha, kwa sababu kuondoka kwako ni kwa taratibu, na dereva wa gari kubwa hukadiria mwendo wako vibaya.

Kumbuka pia gari lenyewe. Kanuni ya 1998 iliagiza taa na mikanda, haikuagiza majaribio ya kugongwa wala mifuko ya hewa. Gari la kawaida likikugonga ubavuni, kinachowatenganisha ni bomba la paa na kitambaa. Kwa hiyo mkanda ukiwepo ufungwe, na haki ya njia ukiwa nayo bado tazama macho ya dereva mwingine kabla ya kuingia.

Hatua ya 7: Abiria na mizigo

Mzee akae mbele, mgongo umegusa kiti, miguu yote ndani. Kigongo cha kutembelea kifungwe nyuma kwa kamba mbili, kisining'inie pembeni. Idadi ya watu ni idadi ya viti. Mapajani hapakai mtu. Kiti kinachotazama nyuma nakikataza kwa watoto wadogo, maana ukiondoka kwa mshtuko wanateleza mbele kuelekea barabarani, na dereva hawaoni.

Hatua ya 8: Usiku, mvua na radi

Kigari cha gofu kinaruhusiwa toka jua kuchomoza mpaka kuzama, isipokuwa eneo limeruhusu usiku, na hapo lazima kiwe na taa za mbele, taa za breki, indiketa na kioo cha mbele. Vaa nguo nyepesi ya rangi inayoonekana; waenda kwa miguu wengi hapa husikia kwa shida na gari lako halina sauti. Ukitaka kumpita mtu njiani, punguza mwendo, ita kwa upole ukiwa mbali, pita kushoto kwake.

Kiangazi cha Florida huleta ngurumo karibu kila alasiri, na kigari cha wazi hakikingi radi hata kidogo. Paa la plastiki na mapazia ya nailoni si kinga. Ukisikia ngurumo ya kwanza ingia kwenye jengo, duka lolote, msubiri pamoja. Panga miadi ya daktari asubuhi kadiri unavyoweza.

Hatua ya 9: Chaji na betri

Kwanza jua aina. Betri za risasi na asidi zina vifuniko vya kujazia maji na ni nzito sana. Mara nyingi ziko sita chini ya kiti, za volti 8 kila moja, jumla 48. Za lithiamu zimefungwa kabisa na hazitaki maji.

Za risasi zichajiwe kila baada ya matumizi, usizisubiri zikauke. Zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu zinakufa mapema, na seti mpya ni gharama kubwa kwa mzee anayeishi kwa pensheni. Zikichajiwa hutoa hidrojeni inayoweza kulipuka, hivyo mlango wa gereji uwe wazi na sigara iwe mbali. Chomeka chaja moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, usipitishe kwenye waya mwembamba wa kuungia unaopata moto.

Maji ya betri angalia kila mwezi, na msimu wa joto kila wiki mbili. Vaa miwani na glavu. Tumia maji yaliyotoneshwa tu, ya bomba yana chumvi na madini. Jaza baada ya chaji kumalizika, si kabla, kwa sababu wakati wa kuchaji maji hupanda na ukijaza mapema asidi itafurika juu ya nyaya. Kama sahani za ndani zimeonekana wazi, ongeza kidogo zifunikwe, chaji, kisha ndipo ujaze mpaka kidogo chini ya shingo ya tundu. Asidi ikimwagika, magadi soda yaliyokorogwa kwenye maji huizimua.

Za lithiamu kazi yake ni ndogo: tumia chaja yake pekee. Mwenye mteja pwani, ambako kimbunga huleta maji ya bahari mpaka gereji, ajue kwamba betri ya lithiamu iliyozama kwenye maji ya chumvi inaweza kuwaka moto siku kadhaa baadaye. Ukiambiwa uhame, gari la umeme litolewe kwanza lipelekwe mwinuko. Likishazama, usilichaji wala usilirudishe ndani. Lisogezwe mbali na nyumba na uwaite zimamoto.

Ukikwama njiani, sukuma gari kwenye nyasi, washa taa za tahadhari kama zipo, mshushe mzee akae kivulini mbali na lami. Ukigongana na mtu akaumia, piga 911, taja jina la kijiji, yaani mtaa mlipo ndani ya mji huu, na handaki au geti la karibu, maana njia za vigari nyingi hazina majina ya mitaa. Mimi nimeyaandika majina ya mahandaki yote ya safari yetu kwenye karatasi, nikaibandika chini ya dashibodi, upande wa abiria, ili hata bibi aweze kuisoma mimi nikiwa siwezi kusema.